Mke wangu amesema "uamuzi ni wako", na hapo ndipo nilipokwama

BARUA

Shikamoo Mama. Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mwanamume wa miaka 44, naishi Njombe mjini, nafanya biashara ya mbao. Ni mzee wa kanisa katika usharika wetu wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), kipindi cha pili sasa. Naomba usichapishe jina langu wala la usharika, maana mji wetu ni mdogo na watu wanasoma.

Tulifunga ndoa kanisani mwaka 2010. Mke wangu ana miaka 39, ni muuguzi wa stashahada kwenye kituo cha afya. Tuna watoto watatu. Binti yuko kidato cha pili, shule ya bweni. Wa pili yuko darasa la sita. Kitinda mimba ana miaka mitano, mwakani anaanza darasa la kwanza. Mama yangu mzazi tunaishi naye tangu baba alipofariki. Ana presha, na mke wangu ndiye anayempima na kumsimamia dawa.

Sasa mke wangu amepata nafasi ya kusoma shahada ya uuguzi chuo kikuu, Dodoma. Ni miaka minne. Halmashauri imempa ruhusa ya masomo na mshahara wake utaendelea. Aliileta barua hiyo nyumbani jioni, akaiweka mezani, akaniambia, "Baba, isome." Nikaisoma. Nikamwambia aniache kwanza niombe.

Hii si mara ya kwanza. Mwaka 2020 alipata nafasi kama hii akiwa mjamzito wa huyu wa mwisho. Nikamwambia asubiri mtoto akue. Akasubiri, wala hakulalamika.

Kwa kweli simkatai. Ninachofikiria ni nyumba. Mtoto ataamshwa na nani asubuhi na baridi hii yetu? Mama ni mzee. Halafu kuna mkopo. Mwaka 2022 nilikopa benki kununua mashine ya kupasulia mbao, nyumba tukaiweka dhamana. Mke wangu alikuja benki akasaini kwa sababu walitaka sahihi ya mwenza. Bado naulipa, na kuna miezi mshahara wake ndio unaotuvusha.

Nimetafuta ushauri. Mama alisema, "Mwanamke akishaonja mji mkubwa harudi jikoni. Utakuwa unafua wewe?" Mzee mwenzangu wa kanisa alinisomea 1 Wakorintho 7:5, "Msinyimane", akasema mtume alishamaliza maneno. Mchungaji aliniambia, "Wewe ni kichwa. Omba, amua, yeye atatii." Rafiki yangu wa pale dukani alicheka tu: "Akirudi na digrii utamwita bosi."

Nilipomwambia mke wangu kwamba bado naomba, aliniangalia akasema, "Uamuzi ni wako, Baba." Basi. Tangu siku hiyo nyumbani kila kitu kiko sawa. Chakula kipo, tunasali pamoja, ananisalimu vizuri. Ila zamani akitoka zamu ya usiku alikuwa ananisimulia ya kazini mpaka nasinzia. Siku hizi hasimulii. Nikiuliza anajibu, "Kazi ni ileile."

Mama, mimi naamini nampenda mke wangu. Sijawahi kumpiga. Sina mchepuko. Nimejenga, ada za watoto hazichelewi, kila Krismasi ana kitenge kipya. Mwaka jana nilimwuliza kama ana lalamiko lolote juu yangu, akanijibu, "Unanitunza vizuri." Wakati ule nilifurahi. Sasa najiuliza alikuwa anasema nini.

Kinachonikosesha usingizi zaidi ni hiki. Mwezi ujao tuna semina ya wanandoa na mimi nimepangiwa kufundisha. Somo ni Waefeso 5:25: "Enyi waume, wapendeni wake zenu, kama Kristo naye alivyolipenda Kanisa, akajitoa kwa ajili yake." Nimekaa na daftari nikaandika kichwa cha somo, chini yake hakuna kitu.

Kuna jingine sijamwambia mtu. Mimi niliishia kidato cha nne. Naogopa akisoma ataniona mdogo. Naogopa na wanaume wa huko chuoni. Barua ya halmashauri ninayo mimi, iko kwenye droo ya dukani. Mwajiri anataka jibu mwisho wa mwezi.

Kumpenda kama Kristo alivyolipenda Kanisa ni kumwachia aende hata nyumba ikiyumba? Au ni kusimama kama kichwa na kuilinda nyumba yangu? Naogopa kukosea mbele za Mungu, na mbele yake pia.

Mzee wa Kanisa, Njombe

JIBU

Marahaba mwanangu. Amina.

Nimeisoma barua yako, nikairudia usiku. Naona umeniletea mambo mawili ndani ya bahasha moja. Kuna la mipango: mtoto, mama, mkopo, safari za Dodoma. Na kuna lile lililokuzuia kuandika somo: miaka yote hii umempenda mkeo kwa namna unayoijua, na sasa umeanza kushuku kwamba haitoshi, au kwamba yeye alikuwa anangoja kitu kingine. Nitayagusa yote mawili, lakini sitakuamulia. Hata ningetaka, mwenzio sijamsikia.

Na wewe je, umemsikia? Katika barua yako mama amesema, mzee mwenzio amesema, mchungaji amesema, mpaka jamaa wa dukani kapata nafasi ya kucheka. Mkeo ana maneno machache kuliko wote, na yeye ndiye mwenye safari. Sijaona mahali ulipomwuliza kwa nini anataka kusoma. Labda unajua ukaona hakuna haja ya kuniandikia. Kama hujui, anzia hapo. Muuguzi aliyekaa kituo cha afya miaka mingi anaweza kuwa na sababu yake ambayo wewe na mimi hatuwezi kuibuni. Pengine ni daraja na mshahara. Pengine amechoka kuandika rufaa ya mama mwenye uchungu kwa jambo ambalo angetamani kulimudu mwenyewe. Pengine ni hamu tu ya kumaliza alichoanza ujanani. Anayewaza mshahara unaweza kukaa naye na kalamu mkapiga mahesabu. Aliyempoteza mgonjwa mikononi mwake ukimletea mahesabu utakuwa umemjibu swali ambalo hakuuliza.

Nami nakuuliza: hizo simulizi za zamu ya usiku zilizokuwa zinakulaza, ulikuwa unazisikiliza? Sikulaumu. Mtu akitoka kupakia mbao kutwa nzima, usingizi hauna adabu. Lakini huenda jibu lilikuwa humo.

Sasa tuje kwenye andiko, kwa kuwa wewe ndiye mwalimu wa semina. Waefeso sura ya 5 wengi huanza kuisoma mstari wa 22, wake watiini waume zenu. Rudi nyuma mstari mmoja: "hali mnanyenyekeana katika kicho cha Kristo." Halafu hesabu. Wake wanaambiwa kwa mistari mitatu, wa 22 hadi wa 24. Waume wanaanza wa 25 na kuendelea mpaka sura inaisha, na mke anatajwa tena kidogo tu pale mwishoni. Paulo aliwaandikia watu wa miji ya Kirumi, ambako mkuu wa nyumba alikuwa na mamlaka makubwa juu ya watoto na watumwa, na wenye elimu wa enzi hizo walizoea kumfundisha mwanamume namna ya kuitawala nyumba yake. Msikilizaji wa Efeso huenda alitegemea kusikia hayo hayo. Akaambiwa apende, alishe, atunze, ajitoe. Tafuta humo mstari unaomwamuru mume amtiishe mkewe. Mimi nimeutafuta, sijauona.

Najua Wakristo hatukubaliani juu ya ukichwa. Miongoni mwa wasomaji wangu wapo wanaoshikilia kwamba neno la mwisho nyumbani ni la mume, na wapo wanaosema mstari wa 21 unawabana wote wawili sawasawa. Sitawapatanisha leo. Mchungaji wako anaelekea upande wa kwanza, nami sina sababu ya kumvunjia heshima. Ila hata ukisimama naye hapo, mfano uliopewa wa kichwa ni Kristo aliyejitoa. Basi ukiwa umepiga magoti, pamoja na kuuliza "niamue nini", uliza na hili: katika kila njia iliyo mbele yetu, gharama anaibeba nani? Mwaka 2020 aliibeba yeye. Pengine ilikuwa sawa wakati ule, mimba ni mimba. Lakini aliibeba, na barua yako imeipitia kwa sentensi fupi mno.

Mwaka 2022 akabeba nyingine. Unaandika kwamba alisaini "kwa sababu walitaka sahihi ya mwenza", kana kwamba alikusindikiza benki kunywa soda. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inakataza mwanandoa kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Maana yake bila mkono wake mashine hiyo usingeinunua kwa dhamana ya nyumba. Aliweka paa la wanawe juu ya biashara yako. Kwa upande wake yeye, hakuna sheria inayomdai muuguzi mtu mzima sahihi ya mumewe ili akasome. Ruhusa inayohitajika ni ya mwajiri, na ameshaipata. Angeweza kukuaga tu. Badala yake aliiweka barua mezani akakwambia uisome. Sidhani ilikuwa karatasi ya kugongewa muhuri. Nadhani alitaka kuona uso wako unapoisoma.

Naweza kuwa nimekosea. "Uamuzi ni wako" naweza kuisikia kwa namna tatu. Inaweza kuwa heshima ya kweli, ya mwanamke anayeamini hivyo kwa imani yake. Inaweza kuwa uchovu wa mtu aliyekwisha kusubiri mara moja na kujua jibu litakavyokuwa. Au naye amegawanyika: anaitaka Dodoma, na anamwaza mtoto wa miaka mitano, na moyoni angefurahi kidogo mtu mwingine aubebe uamuzi. Hizi tatu hazitibiwi kwa dawa moja. Usikisie. Muulize, na ukimuuliza usitegemee akufungukie siku ya kwanza.

Kuna neno umelitumia linalonipa wasiwasi: kumwachia. Ukisema "nimemwachia aende", umempa zawadi, na zawadi ina kawaida ya kugeuka deni. Siku mtoto akiugua malaria, siku mama akianguka, siku mteja akikukimbia na hela, utalikumbuka deni hilo na utalidai, hata kama ni kwa kununa tu. Wanaume wengi wema nimewaona wakijitoa kwa namna hiyo. Wanajitoa halafu wanatembea na risiti. Kama utakubali, jichunguze kwanza kama unaweza kukubali bila kuandika popote.

Umesema humkatai, unafikiria nyumba. Nakuamini, na nyumba inafikirika kweli. Tuziangalie basi njia.

Njia ya kwanza, aende, wewe ubaki na watoto. Hiyo ni kazi, tena ya kila asubuhi. Utajua sweta la mtoto liko wapi na lini ana mtihani. Mnaweza kutafuta dada wa kazi, lakini dada wa kazi anahitaji mshahara wa kueleweka na mtu wa kumsimamia, na mtu huyo ni wewe. Kuhusu aibu ya kufua, wewe ni Mlutheri, nikukumbushe Luther mwenyewe. Mwaka 1522 aliandika juu ya ndoa kwamba baba akifua nepi za mwanawe kwa imani, watu wakimcheka, Mungu na malaika wake wote wanatabasamu. (Aliandika hayo akiwa hajaoa bado, alioa 1525, kwa hiyo mchukulie na kiasi.) Alipooa, mkewe Katharina von Bora ndiye aliyeendesha mashamba, akatengeneza bia na kusimamia nyumba iliyojaa wanafunzi na wageni. Mwaka 1542 Luther akaandika wosia wa kumwachia yeye mali na watoto, ingawa sheria za kwao zilitaka mjane awekewe msimamizi mwanamume. Walimcheka? Huenda. Ukitaka la kusema semina, hilo lipo.

Kuhusu "Msinyimane", mzee mwenzio amekusomea nusu. Mstari unaendelea: "isipokuwa mmepatana kwa muda". Kupatana kumetajwa hapo hapo, na mistari iliyotangulia inampa mke haki juu ya mwili wa mume sawa na mume juu ya wake. Ila sitakudanganya. Paulo alikuwa anasema juu ya muda wa sala, na miaka minne si wiki ya kufunga. Likizo zipo, mabasi ya Dodoma yapo, lakini mnahitaji kuzungumza wazi kama watu wazima: mtaonana kila baada ya muda gani, nani atasafiri, nauli itatoka wapi, na mkizidiwa mtaambiana vipi. Wapo wanandoa walioishi mbalimbali wakarudi wamekomaa. Wapo ambao ndoa ilikufa kimyakimya kwenye simu. Umbali ni hatari, wala sitakwambia vinginevyo.

Lakini hiyo hofu ya wanaume wa chuoni, igeuze na upande wako. Utafiti wa kitaifa wa 2016-17 ulikuta Njombe ina kiwango cha maambukizi ya VVU cha asilimia 11.4 kwa watu wazima, juu ya mkoa mwingine wowote nchini. Mkeo ni muuguzi, namba hizo anazijua kuliko sisi. Anakuacha wewe hapo, mfanyabiashara mwenye hela mkononi, peke yako usiku. Na yeye ana haki ya kuogopa. Mkiweza kuambiana hofu zote mbili meza moja, mtakuwa mmefika mbali kuliko kila mmoja kulinda ya kwake.

Njia ya pili, mhame wote au nusu. Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, ujenzi kule haujatulia, na mbao za Njombe na Mafinga zinakwenda huko. Soko hilo wewe unalijua kuliko mimi. Je, umewahi kufikiria kuwa na kibanda cha kuuzia huko, hata cha kushirikiana na mtu, ili safari ya mzigo iwe na safari ya kumwona mkeo? Hatari yake ni mtaji kugawanyika wakati benki inadai, na mashine huku kubaki mikononi mwa vijana. Mama naye joto la Dodoma huenda asilitake. Kwa mwaka wa kwanza, wakati rejesho la benki bado ni zito, pengine haifai. Huko mbele huenda ikafaa.

Njia ya tatu, asubiri tena. Usiidharau, kuna familia ambazo kusubiri ndiko kuliziokoa. Lakini kusubiri kwa pili hakufanani na kwa kwanza. Ana miaka 39. Nafasi na ruhusa ya mwajiri hazina ahadi ya kurudi. Na "asubiri mtoto akue" haina tarehe, kwa sababu mtoto hakui siku moja. Kama mtafika hapo, mpatane mwaka, na uangalie wewe utatoa nini katika kipindi hicho ili mwaka huo ufike kweli: kumaliza mkopo mapema, kutoongeza mwingine, kumweka mtu unayemwamini karibu na biashara. Kusubiri ambako mmoja tu ndiye anayesubiri, yeye ameshakujua ladha yake.

Mnaweza pia kuuliza kama ipo programu nyingine fupi zaidi, au chuo cha karibu. Muulize yeye, taarifa hizo anazo.

Na njia ya nne, ukatae. Inavyoelekea atatii. Hapo mchungaji wako amesema kweli. Swali ambalo hakukuuliza ni utabaki na nini baada ya utii huo. Umeshaanza kuonja: chakula kipo, salamu ipo, simulizi hakuna. Paulo kwa Wakolosai aliwaambia waume wasiwe na uchungu na wake zao, na Petro akawaambia wakae nao kwa akili, akaongeza sababu inayomhusu kila mzee wa kanisa: kusudi kuomba kwenu kusizuiliwe. Umekuwa ukiomba juu ya jambo hili bila yeye kuwepo kwenye maombi hayo. Mnasali pamoja kila siku, umeandika. Mmeliombea hili kwa sauti, mkiwa wawili?

Mama yako sasa. Naomba usimwone adui. Mwanzo 2:24 inamtaka mwanamume aambatane na mkewe, na huo mpangilio unaujua. Lakini sikiliza chini ya maneno yake. Huyu ni mjane mwenye presha, na anayempima anataka kuondoka miaka minne. Angesema "naogopa kufa mkiwa hampo" pengine mngemhurumia. Kasema habari za jikoni. Kabla hujamjibu kuhusu kufua, mwambie nani atampima, wapi, siku gani. Mkeo anaweza kumwunganisha na mwenzake wa kituoni kabla hajaondoka, kama ataondoka. Huenda mama akapunguza ukali, huenda asipunguze.

Ile hofu ya kuonwa mdogo nimeiacha mpaka hapa kwa sababu ndiyo iliyonigusa. Mwanangu, mkeo ana stashahada na wewe una kidato cha nne, na mmeishi hivyo miaka yote. Alishakupita darasani zamani. Kama elimu ingekuwa inamfanya akudharau, angekuwa ameshaanza, na usingepata mtu wa kukuhadithia kazi yake usiku kama kwamba wewe ndiye pekee atakayeielewa. Sina hakika digrii haitabadilisha chochote. Kitu hubadilika. Wanawake wengine hurudi na marafiki wapya, na maneno ambayo nyumbani hayakuwepo. Ila sidhani hofu hii itapungua ukiendelea kuificha nyuma ya mtoto na mama na mkopo. Atazijibu hoja zote tatu moja baada ya nyingine, na wewe bado utakuwa na sababu, naye hatajua kwa nini. Je, unaweza kumwambia hivyo hivyo ulivyoniambia mimi? Najua si rahisi kwa mwanamume wa rika lako, tena mzee wa kanisa.

Kuhusu semina, unaweza kumwomba mchungaji ampangie mwingine, hakuna dhambi. Unaweza kufundisha bila kugusa mambo ya nyumbani kwako. Au unaweza kumwomba mkeo mliandae somo pamoja, kama atapenda, na msikilize anaposoma mstari huo anaona nini. Usimtumie tu kama mfano mbele ya watu kabla hamjazungumza. Na mkimrudia mchungaji, nendeni wawili. Alikushauri kwa kusikia upande mmoja, kama mimi.

Barua ya halmashauri mrudishie leo. Hujaniambia kwa nini iko dukani, na pengine hata wewe huna sababu, lakini jina lililoandikwa juu ni lake.

Mwisho wa mwezi uko karibu, na mazungumzo ya aina hii hayapangiki kwa tarehe ya mwajiri. Mkifika siku hiyo hamjaelewana, ofisi ya udahili ya chuo na ofisa utumishi wa halmashauri wanaweza kuwaeleza kama kuna utaratibu wa kuahirisha na masharti yake. Lakini aulize yeye, kwa hiari yake, na kama kuna barua ya kuandikwa, aiandike kwa mkono wake akijua anaahirisha nini na mpaka lini.